Kabla ya bendera na ngoma, mjue karani wa ada

Alisimama mlangoni, begi mgongoni, mkono mmoja bado umeshika kitasa. "Nimekuja kuulizia lile bango la usiku wa tamaduni," akasema. Nikamtajia saa na ukumbi, akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, katika ofisi ya wanafunzi wa tamaduni mbalimbali kwenye chuo kimoja cha Marekani, na nilidhani mtu akishajibiwa ameridhika. Nikarudi kwenye kompyuta yangu. Nilipoinua macho tena, bado yupo. Ndipo nikamwambia, "Njoo ukae."

Alipokaa, yakatoka yote. Akaunti yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya deni la ada, hivyo hakuweza kujisajili kwa muhula uliokuwa unakuja. Mwisho wa usajili ulikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilijua kuandaa ukumbi wa watu mia tatu. Nilijua bendera ipi inatundikwa wapi. Lakini sikujua ni nani chuoni pale mwenye uwezo wa kuondoa lile zuio. Tulizunguka naye ofisi tatu mchana ule, kila moja ikituelekeza kwingine, mpaka tukampata karani mmoja wa ada, mama mtu mzima, aliyefungua faili, akauliza maswali mawili na kumpangia kulipa kwa awamu. Ilimchukua kama dakika kumi. Binti akajisajili usiku uleule.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii namwambia jambo lilelile: zijue taratibu za chuo chako kuliko unavyozijua sherehe. Mjue karani wa ada kwa jina, na msajili, na mtu wa msaada wa fedha, na anayegawa vyumba vya bweni wakati wa likizo. Wapelekee salamu hata siku ambazo huna shida nao. Mwanafunzi anayekuja kwako mara nyingi hana mtu wa nyumbani aliyewahi kupita njia hii. Hajui kwamba tarehe ya mwisho ya kuacha somo si sawa na tarehe ya mwisho ya kurudishiwa ada. Mwenzake, ambaye wazazi wote wawili walisoma chuo, hupiga simu nyumbani na kuambiwa. Huyu wako hupiga simu nyumbani na kuulizwa anaendeleaje, anasema salama, basi.

Sisemi sherehe hazina maana. Nimeona kijana akilia kwa kusikia lugha yake jukwaani kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao. Ninachosema ni kwamba ofisi hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya sherehe. Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, wakiongozwa na umoja wa wanafunzi Weusi na muungano ulioitwa Third World Liberation Front, walianza mgomo uliodumu mpaka Machi 1969. Walidai nafasi za kusoma, walimu na masomo yanayowahusu. Chuo kile kikaanzisha kitivo cha masomo ya makabila na jamii mbalimbali, na madai ya aina hiyo yakasambaa kwenye vyuo vingine vingi. Ofisi unayoomba kazi leo ina damu ya madai hayo. Hakuna aliyegoma miezi minne akidai tamasha.

Kosa langu kubwa lilihusu mwanafunzi wa kigeni. Alikuja amechoka, hapati usingizi, hesabu zimemshinda. Nikamwambia kwa huruma ya dhati, "Liache somo hilo, upumzike, utalirudia." Kwa mwanafunzi mwingine ungekuwa ushauri mzuri. Lakini yeye alikuwa na viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, na mwenye viza hiyo akiwa shahada ya kwanza kwa kawaida hutakiwa kubeba angalau krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kila muhula. Alikuwa na 12 kamili. Angeliacha somo lile bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, angepoteza hadhi yake ya kuwa nchini kwa ajili ya masomo. Kilichomwokoa ni mwenzangu wa meza ya pili, aliyesikia na kuuliza taratibu, "Samahani, viza yako ni ipi?" Sikulala vizuri usiku ule. Tangu hapo, jambo lolote linalogusa viza, iwe kupunguza masomo, kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, au kusafiri, silijibu mimi. Nasimama, nachukua koti, nasema, "Twende pamoja kwa anayejua." Ukimwonyesha mlango tu, huenda asifike. Ukienda naye, mnafika.

Kuna na simu za wazazi. Siku moja alipiga mama mmoja anayeongea Kiswahili cha Kongo. Aliposikia namjibu kwa Kiswahili, sauti yake ikalegea kabisa. "Mwanangu, niambie wewe, mtoto anasoma au hasomi?" Moyo wangu wote ulitaka kumjibu. Nilijua kijana amefeli masomo mawili. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi, FERPA, inampa mwanafunzi mwenyewe haki ya kuamua nani aambiwe habari za masomo yake akishaingia chuo, hata kama mama ndiye anayelipa. Nilimwambia, "Mama, nimekusikia, na ninamjua mwanao. Niruhusu nimwambie akupigie leo." Nikamtafuta kijana. Tulikaa naye karibu saa nzima akipanga maneno ya kumwambia mama yake, kisha akapiga akiwa palepale ofisini, mimi nikatoka nje. Usijifiche nyuma ya sheria ukamkatia mzazi simu. Wala usiivunje kwa sababu mnaongea lugha moja.

Hapohapo niseme hili: usimfanye mwanafunzi balozi wa watu wake. Kila mwezi utaombwa umtoe mtu akazungumze darasani au apigwe picha ya kijitabu cha chuo. Mwulize kwanza, na umpe njia ya kukataa bila kujieleza. Na akikubali, ombeni alipwe. Nilikuwa na kijana mmoja aliyeitwa mara tano katika muhula mmoja, na wiki ya mitihani akaniambia amechoka kuwa bara zima.

Sasa sheria zenyewe zinabadilika, tena haraka. Huko Texas, sheria ya SB 17 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 ilizipiga marufuku ofisi za utofauti, usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma, na chuo kikuu cha Texas mjini Austin kikafunga kituo chake cha wanafunzi wa tamaduni mbalimbali. Utah ikafuata kwa sheria yake iliyoanza Julai 2024. Inaniuma kuona milango ile imefungwa, na sioni sababu ya kuficha. Lakini nawasihi mnaoingia kazini: isomeni sheria ya jimbo lenu wenyewe, neno kwa neno, pamoja na mwanasheria wa chuo, msitegemee uvumi wa korido. Nimeona watu wakiacha kwa woga mambo ambayo sheria haikuyagusa kabisa. Pia jueni programu zinazosimama kwa vigezo vingine. TRIO, mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuwasaidia wanafunzi uliokua kutoka miaka ya 1960, huangalia kipato, ulemavu, na kama mwanafunzi ni wa kwanza kwao kufika chuo. Wengi niliowahudumia walikuwa na haki ya kuingia humo na hawakuwa wamewahi kuisikia.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza bajeti ya ofisi ni ya kudumu au ya mwaka mmoja mmoja. Uliza unaripoti kwa nani. Halafu uliza aliyekutangulia alikaa muda gani, na kwa nini aliondoka. Wakisita hapo, sikiliza vizuri.

Yule binti wa mlangoni alimaliza. Wiki moja kabla ya mahafali alikuja tena, safari hii akakaa bila kuambiwa, tukaliandika jina lake jinsi linavyotamkwa, silabi moja moja, kwenye kadi ya msomaji wa majina. Nikampelekea msomaji mwenyewe na kumsikiliza akilisema mara tatu. Siku yenyewe alilisema sawasawa, na kule juu jukwaani nikamwona yule mama wa ada amesimama anapiga makofi.