Kwa nini 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili

Programu yako haina kosa. Jibu la 0.30000000000000004 unalolipata ukijumlisha 0.1 na 0.2 katika Python linatokana na jinsi kompyuta inavyohifadhi namba zenye desimali, yaani kwa msingi wa 2 (tarakimu 0 na 1 tu), ambamo 0.1 haiandikiki ikaisha, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja tunapoiandika 0.3333. Mkia huo wa tarakimu zisizoisha hukatwa na kukadiriwa kwenye biti 53 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1), kwa kufuata IEEE 754, kanuni ya kuhifadhi namba za desimali kwenye kompyuta iliyotolewa mwaka 1985, ndiyo maana hata lugha nyingine kama JavaScript itakupa jibu lile lile.

Kwa hiyo usilinganishe namba hizi kwa ==; katika Python tumia math.isclose(a, b), ambayo huvumilia tofauti ndogo mno, ingawa ukilinganisha na sifuri ni lazima uongeze abs_tol, yaani kiwango cha tofauti unachokiruhusu. Kwa hesabu za fedha, hifadhi senti kama namba kamili, au tumia Decimal('0.1'), aina ya namba ya Python inayohifadhi desimali kwa msingi wa 10, na tafadhali usizisahau alama za nukuu: wanafunzi wengi niliowafundisha hukwama hapo hapo, kwa kuwa Decimal(0.1) huipokea namba ikiwa tayari imeshaingia kasoro, kisha huihifadhi kasoro hiyo kwa uaminifu wote.