Nchi 16, mtihani mmoja: niliyoyaona nikifundisha Jamaika

Salaam wakuu. Mleta uzi kauliza mambo mawili. Kwanza, nchi za Karibi zilizotawaliwa na Mwingereza zimewezaje kuwa na mtihani mmoja wa sekondari wakati sisi Afrika Mashariki wa kwetu ulitushinda? Pili, mtaala wao unapobadilika, mwalimu wa darasani anaandaliwaje? Nimesoma michango yote na naona mingi imeegemea kwenye siasa za shirikisho. Mimi nitajibu kama mwalimu. Nilifundisha Historia Jamaika kuanzia 2009 hadi 2017, parishi ya St Mary, pwani ya kaskazini. Parishi kwao ni kama wilaya kwetu. Nilimfuata mume wangu, ni mtu wa huko. Kabla ya hapo nilikuwa shule ya kata Muheza.

Tuanze na tarehe, maana kuna mchangiaji amezichanganya. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianza 1967. Tanzania ikajitoa 1971, Baraza lake la mitihani, NECTA, likaundwa 1973, Kenya na Uganda zikaendelea pamoja mpaka 1980. Baraza la Mitihani la Karibi, CXC, liliundwa 1972, makao makuu Barbados. Yaani sisi tunatoka mlangoni, wao ndio wanaingia. Na walitoka kulekule tulikotoka sisi: watoto wao, kama wazee wetu, walikuwa wakifanya mtihani unaotungwa na kusahihishwa Cambridge.

Ila hawakukimbilia kutahini. Mtihani wa kwanza wa CXC ulifanyika 1979, miaka saba baadaye, na kwa masomo matano tu: Kiingereza, Hisabati, Jiografia, Sayansi Unganifu na Historia ya Karibi. Kila somo lina jopo lake, na ndani ya jopo hilo wamo walimu wa darasani pamoja na wahadhiri. Mwalimu kutoka kisiwa ambacho ukikizunguka kwa gari unamaliza kabla ya chakula cha mchana anakaa meza moja na mwalimu wa Trinidad, na neno lake linaandikwa.

Nikiulizwa kwa nini jambo lao lilisimama, jibu langu ni hili: kule mtihani wenyewe uligeuka chuo cha ualimu. Nitaeleza nilivyoliona kwa macho yangu.

Mwaka 2013 niliitwa kusahihisha Historia ngazi ya CSEC, ambayo ni kama kidato chetu cha nne. Ulikuwa mwezi wa saba, shule zimefungwa. Nilikwenda na mazoea ya nyumbani: unapewa swali lako, unakimbizana na idadi ya karatasi, unasaini posho, unarudi kwenu. Asubuhi ya kwanza hatukusahihisha hata karatasi moja ya kuhesabiwa. Tuligawiwa nakala ya jibu la mtahiniwa mmoja, wote jibu lilelile, tukaambiwa kila mtu aliwekee alama kimya kimya. Swali lilihusu watu waliopata uhuru kutoka utumwani 1838 na kwa nini wengi waliyahama mashamba ya miwa. Mezani kwangu alikuwepo mwalimu wa Guyana, mwingine wa Belize, na dada mmoja wa St Vincent. Mguyana alitoa 17. Mimi nilitoa 9.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kiongozi wa meza hakusema nani kapatia. Alituambia kila mmoja asome kwa sauti sentensi iliyomfanya atoe alama alizotoa. Mguyana akasoma sentensi moja ambayo mimi nilikuwa nimeipita kwa sababu ya sarufi yake mbovu. Mtoto aliandika, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Patwa, lugha ya nyumbani ya Wajamaika, kwamba mwenye shamba hakutoza kodi ya nyumba, alitoza kodi ya vichwa vilivyolala ndani ya nyumba. Na ni kweli, baada ya uhuru wenye mashamba wengi Jamaika walifanya hivyo: mume, mke na kila mtoto mkubwa walilipishwa kodi kwa chumba kilekile, ili wote wasukumwe kurudi kwenye miwa. Mtoto yule alikuwa ameshika kiini cha swali lote, na mimi, mwalimu wa Historia wa miaka mingi, nilimnyima kwa sababu ya vitenzi.

Tulibishana meza nzima mpaka saa nne. Tukapewa jibu la pili, la tatu. Kufikia jioni tofauti zetu zilikuwa alama moja au mbili. Niliporudi shuleni Septemba sikuwa mwalimu yuleyule. Nilibadilisha namna ya kuuliza maswali, namna ya kusoma madaftari, hata namna ya kuandaa azimio la kazi. Hakuna semina iliyowahi kunifanyia hivyo, na nimekaa semina nyingi, Tanzania na Jamaika.

Chuo cha pili ndani ya mtihani ni SBA, kazi ya shuleni inayoingia kwenye alama ya mwisho. Wakenya mnalijua jina hilo tangu CBC, mtaala wenu wa umilisi, uje. Kwa Historia mwanafunzi anafanya utafiti wake, mwalimu anausimamia na kuupa alama, kisha sampuli zinapelekwa CXC kuhakikiwa.

Kijana wangu mmoja alichagua vita vya Tacky. Vita hivi vilianza Pasaka ya 1760 hapohapo St Mary. Waafrika waliotekwa kutoka pwani ya Ghana ya leo waliivamia ngome ya Fort Haldane, juu ya mji wa Port Maria, wakachukua bunduki na baruti. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kitabu kilichonakiliwa neno kwa neno. Nikamuuliza kutoka kwao mpaka ngomeni ni mwendo gani. Akasema dakika arobaini kwa mguu. Nikamwambia nenda Jumamosi, simama pale juu, halafu uniandikie kwa nini walianzia pale na si kwingine.

Alirudi na kurasa sita na mchoro wa penseli: kilima, ghuba, njia ya kushukia mashambani, na pembeni ya ngome mti mkubwa wenye majani yaliyokatika kama vidole. Mimi mtu wa Tanga, mti ule niliutambua mara moja, shelisheli. Wajamaika wanalipenda shelisheli la kuchoma kuliko mkate. Nikamuuliza, huu mti ulikuwepo 1760? Akanishangaa. Kwake shelisheli ni Jamaika yenyewe, ni kama kuuliza kama bahari ilikuwepo. Wiki iliyofuata akaja mezani kwangu kabla ya kengele: "Miss, limeletwa na meli 1793." Lililetwa kutoka Tahiti na Kapteni Bligh ili liwe chakula cha bei rahisi cha watumwa. Akachukua ufutio akaufuta mti mbele yangu, kisha akaongeza aya nzima kuhusu chakula cha watumwa kabla ya shelisheli. Ile aya hakuna kitabu kilichompa.

Sasa nieleze na upande wa kidonda, nisije nikaonekana nasifia tu. Mwaka mmoja mkuu wangu wa idara aliniambia nisiwe mchoyo wa alama, shule jirani zote zinamwaga. Nilikubali kupandisha, na kosa ni langu pia. Sampuli zikaenda, wahakiki wakaona tumelegea, wakashusha alama za kundi zima. Yaani mtoto aliyetembea milimani akashushwa pamoja na aliyenakili. Nililia siku ile. Ndiyo maana kila nikisikia mtu humu anapendekeza tuongeze uzito wa alama za shuleni kwenye mtihani wa taifa, swali langu la kwanza ni: nani atakaa na walimu kuwafundisha kupima? Tume ya wahakiki bila meza ya kubishania alama ni fimbo tu.

Kuhusu vyuo vyenyewe vya ualimu nitasema kwa ufupi. Vya kale vipo. Mico pale Kingston kilianza miaka ya 1830, watu wanatoka utumwani, kwa fedha za wakfu wa bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa ameziacha zikomboe Wakristo waliotekwa Afrika Kaskazini. Shortwood kilifuata 1885 kwa ajili ya wasichana. Wanachuo walikuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha na walijiandaa vizuri mno: maandalio ya somo yamenyooka, chati za rangi ukutani. Lakini mmoja niliyemsimamia, mwaka wake wa mwisho, alikuwa hajawahi kushika SBA ya mtoto hata moja. Chuo kilimfundisha kusomesha, mtihani ulikuwa unamsubiri nje ya geti.

Walioliona tatizo hilo mapema zaidi ni Grenada. Baada ya mapinduzi ya Maurice Bishop 1979, walimu wengi wa msingi walikuwa hawajapita chuo chochote. Serikali ikaanzisha 1980 mpango ulioitwa NISTEP: mwalimu anafundisha siku nne, siku ya tano anakwenda kusoma, kwa miaka mitatu, na siku hiyo ya tano wanakijiji wenye ufundi wao wanaingia darasani kuwafundisha watoto. Mliosoma enzi za UPE, elimu ya msingi kwa wote, mtakumbuka walimu wetu waliofunzwa huku wakifundisha vijijini baada ya Azimio la Musoma. Wazo ni ndugu kabisa. La Grenada lilikatika na mapinduzi yenyewe Oktoba 1983, Marekani ilipovamia.

Shule ya msingi ndiko ambako sifa zangu zinaishia. Mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili anafanya mtihani wa kupangiwa sekondari. Nilipokuwa kule uliitwa GSAT, tangu 2019 ni PEP. Shule zenye jina zinajulikana, na nafasi zake ni chache. Mitaala ya msingi imeandikwa upya mara kadhaa, mtoto awe mdadisi, afanye kwa mikono. Ikifika darasa la tano, mwalimu anafunga kabati la vifaa na kutoa karatasi za mazoezi. Simlaumu. Wazazi wanamhesabu kwa idadi ya watoto waliopata shule wanayoitaka.

Na lugha. Mtoto wa St Mary anaamka na Patwa, anacheza kwa Patwa, anaingia darasani anakuta kitabu kinamchukulia kama mzaliwa wa Kiingereza. Chuo Kikuu cha West Indies, pale Mona, kilijaribu kuanzia 2004 kufundisha kwa lugha zote mbili katika shule chache za msingi, Patwa ikiandikwa kwa tahajia yake. Wazazi wengi waliogopa kwamba watoto watakwama, na woga huo naufahamu kutoka kwetu. Kwenye ile meza ya kusahihisha ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mwalimu mwenye cheo akisema waziwazi: soma wazo kwanza, lugha baadaye.

Kuna aliyeuliza kuhusu walimu kuhama. Ni kweli, na inauma. Miaka ya mwanzo ya 2000 New York na Uingereza zilichota walimu wengi mpaka mawaziri wa Jumuiya ya Madola wakakubaliana kanuni za kuajiri walimu 2004. Idarani kwetu, wawili kati ya watano waliondoka nikiwepo. Mmoja alikuwa msahihishaji wa miaka kumi, na alivyoondoka, kila alichokijua kuhusu kupima SBA kiliondoka naye, kwa sababu hakuna aliyekaa chini yake.

Kwa hiyo, mleta uzi, mtihani mmoja wa Afrika Mashariki kesho asubuhi mimi siutaki. Mtaala wetu mpya umeanza Januari 2024, wa Kenya una njia yake, Uganda nao wana yao. Ningeanza na somo moja, Jiografia kwa mfano, maana Ziwa Victoria na Bonde la Ufa havijui mipaka. Tuwachukue walimu ishirini kutoka kila nchi, walimu wa kawaida wa shule za kawaida, tuwape majibu ya watoto yaliyokwisha kufutwa majina, na wiki mbili za likizo. Kila mtu aweke alama zake kimya kimya, kisha asome kwa sauti ile sentensi. Gharama yake ni nauli, malazi na chai, na mtu wa kuongoza meza anapatikana. Hata mimi nitakuja, mkiniita.