Swali la Lugha: Hita ya Mashine ya Mazulia Huchemsha Maji?

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, mwenye kazi ya kuosha mazulia kwa mashine za maji ya moto, amewaandikia mafundi wake maelekezo haya: "Chemsha maji hadi nyuzi 70. Ukiona hita imepata kutu nyeupe, iondoe kwa siki." Mwenzake amemwambia kwamba "chemsha" halifai hapo. Anauliza kama ni kweli.

Ni kweli. "Chemsha" ni kauli ya kutendesha ya "chemka", na maji huchemka pale yanapotokota na kutoa mapovu ya mvuke. Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hali hiyo hufikiwa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani, lakini kwa vyovyote 70 iko mbali nayo, na agizo hilo linajipinga lenyewe. Nyumbani mtu husema "nichemshie maji ya kuoga" bila kutaka kuungua, na mazoea hayo sina ugomvi nayo, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wanaelewana. Fundi mgeni anayesoma karatasi iliyobandikwa kwenye mashine hana wa kumuuliza, na akilitii neno kama lilivyo ataacha maji yatokote, mvuke uingie kwenye pampu, nayo ishindwe kusukuma maji sawasawa. (Kwa lugha ya vijana, hapo na yeye atakuwa "amechemka".)

Kitenzi kinachofaa ni "pasha", ambacho kina uhusiano na "pata" kama ule wa "chemsha" na "chemka": maji hupata moto, hita huyapasha moto. Andika "pasha maji moto hadi nyuzi 70" au, maji yakiwa yamekwisha kutajwa, "yapashe moto".

Hukuuliza kuhusu "kutu nyeupe", lakini mimi naona ndiyo yenye madhara zaidi. Kutu ni chuma kinacholika, na dalili yake ni wekundu au hudhurungi. Ikionekana, kifaa kinakaguliwa na pengine kubadilishwa. Kile cheupe ni madini ya chokaa yaliyojitenga na maji yalipopata moto, yakaganda juu ya chuma na kuzuia joto lisitoke, hata hita ikaungua. Wengine hukiita chumvi, ingawa chumvi ya jikoni ingeyeyuka kwa maji matupu. Ningekiita "ukoko wa chokaa", kwa sababu ukoko wa wali nao hushika chunguni kwa namna hiyohiyo. Maji ya Ziwa Victoria hayana chokaa nyingi, kwa hiyo tatizo hili huwahusu zaidi wanaotumia visima.

Sentensi ya pili basi isomeke: "Ukiona ukoko wa chokaa, zima umeme, acha hita ipoe, uondoe ukoko kwa siki, kisha suuza kwa maji safi kabla hujaiwasha tena." Zingatia "kabla hujaiwasha", wengi huandika "kabla umeiwasha", nayo si sanifu.