Kifaa kiwe mezani, na mtumiaji awepo

Wenzangu mnaoanza mradi wa ulinzi unaounganisha serikali, kiwanda na chuo kikuu, kabla hamjasaini chochote, ulizaneni: nani atakaa chumba kimoja na nani?

Niliwahi kuwa mhandisi kwenye mradi wa redio za boti za doria. Chuo kilibuni, karakana ikatengeneza, serikali ikalipa. Ripoti zilikuwa safi. Redio zikafa ndani ya miezi mitatu. Kwenye kikao alikuwepo baharia mmoja, kimya muda wote, maana mkubwa wake alikuwa mbele yake. Wakati wa chai akatoa plagi mfukoni: shaba imeota kutu ya kijani, skrubu zimeliwa. Sisi tulijaribu kwa maji ya bomba. Karakana nayo ilikosa skrubu za shaba dukani, ikafunga za chuma bila kumwambia mtu. Baharia alijua tangu wiki ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1940 wanafizikia Randall na Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walifanikisha magnetroni ya matundu, kifaa cha kuzalisha mawimbi mafupi ya redio yenye nguvu, kilichowezesha rada ndogo ya kubebwa na ndege. Kampuni ya GEC ikaifanya iweze kutumika. Ilipofika Marekani mwaka huohuo, wahandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell walichanganyikiwa: mchoro una matundu 6, picha ya eksirei inaonyesha 8! Ikabidi aulizwe Megaw, mtaalamu wa GEC aliyeitengeneza, ndipo akakumbuka kwamba sampuli ya 12, ndiyo iliyopelekwa Marekani, ilitobolewa tofauti na mchoro. Skrubu zetu zilikuwa kisa hichohicho. Kwa hiyo fungueni daftari moja la mabadiliko, pande zote zilisome.

Kwenye kituo cha Uingereza cha utafiti wa rada, mkuu wake A. P. Rowe aliitisha vikao vya Jumapili. Makamanda wa anga, wanasayansi vijana na marubani walizungumza bila kujali cheo. Igeni hilo: mtumiaji aanze kusema, mkubwa wake amalizie. Ibainishwe mapema yapi ni ya siri na yapi si ya siri, la sivyo kila kitu kitafichwa na hakuna atakayejifunza. Bajeti iwe na fungu la majaribio yatakayofeli. Mhadhiri naye alale botini angalau usiku mmoja.

Mradi wa pili, baharia yule tulimwita siku ya kwanza. Alikuja na ndoo ya maji ya bahari.