RCD yaanguka nikichomeka pasi, fundi ataka kuitoa. Nimlipe?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nyumba yetu iko Langoni, Lamu, ya zamani ya mawe. Tumebadilisha waya zote juzi juzi maana zile za zamani mpira ulikuwa ushakauka unamomonyoka. Sasa taa zawaka, fani zazunguka, soketi zote ziko na moto. Shida ni moja tu, nikichomeka pasi chumba cha juu ile swichi kubwa ndani ya boksi la breka yaanguka, nyumba nzima giza. Fundi asema hiyo swichi, RCD, ni mbovu, atakuja kuitoa aunganishe waya moja kwa moja halafu nimmalizie pesa zake. Nitajuaje kazi ni nzuri na waya zote zishazikwa ukutani?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kwanza usikubali hiyo RCD itolewe, na pesa iliyobaki kaa nayo kwanza. Simwiti fundi wako mwizi, sijamuona wala sijaiona kazi yake, lakini hiyo dawa anayokupa ni mbaya kuliko ugonjwa.

RCD kazi yake ni kulinganisha moto unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, yaani 0.03 ya ampia, yakata, maana huo uliopotea unapita mahali sipo, pengine kwa mwili wa mtu. Sasa yako haianguki taa zikiwaka ila yaanguka kwa pasi, hapo ndipo mimi naanza kushuku nyutro imegusana na waya wa erthi, ule unaoshuka ardhini, mahali fulani. Taa ya LED ya wati 9 yala moto kidogo mno, hata sehemu yake ikirudi kwa njia ya erthi haifiki hizo 30, lakini pasi ya wati 1000 yavuta ampia 4 na zaidi, kipande kidogo tu cha hizo kikipotea basi RCD yashuka. Au pengine nyutro ya chumba cha juu imefungwa upande usiopita kwenye RCD kabisa, hiyo nayo huwa hivyo hivyo.

Yaweza pia kuwa ni pasi yenyewe, tusimwonee mtu. Chomeka birika la umeme soketi ile ile ya juu. Birika likiangusha pia, shida iko kwa waya. Birika likifanya kazi vizuri lakini pasi yaangusha kila soketi ya nyumba, peleka pasi kwa fundi wa pasi, yamekwisha.

Kama ni waya, fundi azime swichi kuu, achomoe vifaa vyote, afungue nyutro moja moja kwenye boksi na apime kwa mega ya volti 500 (mashine ya kupima kama mpira wa waya wavujisha moto) baina ya nyutro na erthi. Kuzima breka peke yake hakutoshi kwa sababu breka nyingi za majumbani zakata laivu tu, nyutro yabaki imeshikana pale pale. Kiwango cha chini ni megaom 1, lakini waya mpya inafaa isome juu zaidi ya hapo, ukiona inasoma 1 na kidogo kwenye waya wa mwezi huu ujue kuna mahali imekwaruzwa ilipokuwa ikivutwa kwenye konduti (bomba la waya), au imebanwa na skrubu ya soketi, au kuna jointi imeachwa ndani ya ukuta. Na kuta zetu za matumbawe na chokaa zanyonya unyevu na chumvi, jointi iliyofungwa tepu tu humo ndani haina maisha.

Kuna kingine kibaya na nakiona sana hata huku Malindi. Fundi akikosa waya wa erthi wa kufika soketi ya mbali, achukua kipande kifupi cha waya, aunganisha tundu la erthi na nyutro nyuma ya soketi ile ile. Ukiweka ile testa ya plagi yenye taa tatu yakwambia safi kabisa! Haiwezi kutofautisha. Lakini siku nyutro ikikatika huko nyuma, bodi la friji, yaani mwili wake wa chuma, lawa na moto volti 240 na wewe umesimama kwa sakafu imelowa. Kwa hivyo mwambie azime swichi kuu, ahakikishe hakuna moto, afungue soketi ya hicho chumba mbele yako, wewe utazame tu usishike. Waya wa erthi, ule wa kijani na manjano, uwe unatoka kwenye konduti ukutani. Ukiuona ni kipande kinachoanzia na kuishia hapo hapo nyuma ya soketi, kazi irudiwe.

Sasa kwa nini nasema RCD isitoke. Mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi moto vizuri, ule mti wa shaba uliopigwa chini waweza kusoma om 100 au zaidi. Piga hesabu: 240 gawa kwa 100 ni ampia 2.4. Friji ikishika moto kwenye bodi, ampia 2.4 ndizo zitakazokwenda ardhini, na breka ya soketi ni ya ampia 32, haitajua hata kama kuna jambo. Bodi litakaa na moto mpaka mtu aguse. RCD ndiyo pekee itakayokata hapo. Erthi yenyewe aipime kwa mita ya erthi uone namba, isizidi om 200, chini zaidi ndiyo bora, na klempu ya pale juu ya mti iwe ya shaba au brasi si chuma cha kawaida, chumvi itakila. Kitufe cha TEST kibonyeze, ni vizuri, lakini hicho chaonyesha RCD yenyewe yajikata, hakisemi lolote kuhusu erthi, hata nyumba isiyo na erthi kitufe chafanya kazi. Kwa mashine ya kupimia RCD, ikipimwa kwa miliampia 30 ikate ndani ya milisekunde 300, na kwa 15 isikate.

Mengine waweza kuyaona mwenyewe. Waya zimeandikwa saizi juu ya mpira: taa 1.5, soketi 2.5, na shawa ya moto iwe na waya wake peke yake wa 4 au 6 kutoka kwenye boksi, isichangie na soketi. (Na kama maji yenu ni ya kisima, mununue ile shawa ya maji ya chumvi, ile ya kawaida haifai.) Kipande cha waya kilichobaki kwangua kwa kisu, ndani pakiwa peupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, usiikubali. Washa birika mara mbili tatu mfululizo halafu weka mkono juu ya plagi na kava ya soketi, vuguvugu si neno, ikichoma kuna skrubu haijakazwa. Kila breka iandikwe yakata wapi.

Mwisho karatasi. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, na akupe cheti cha kumaliza kazi pamoja na namba alizopima, kila laini na namba yake. Akisema hana mega, si shida, akodi au aje na mwenzake aliye nayo, gharama ni yake si yako. Akishaipata hiyo waya iliyogusana, akairekebisha na pasi ikakaa bila kuangusha, mlipe siku hiyo hiyo.