Mwanangu, kuhusu askari mwenzako

Mwanangu meseji yako nimeisoma, unaniuliza mama inakuwaje askari mzima, kazi yake kunusa wahalifu, analala na mke anayemtafutia muuaji na asishtuke. Na unasema kazini kuna wanaomcheka. Hapo kwenye kumcheka ndo pameniuma.

Askari akifika kwake yale macho ya kazi anayaacha nje, lazima, maana ukimchunguza mkeo kama mtuhumiwa mtaishi vipi? Alafu mke anajua zamu inaisha saa ngapi, unapita njia gani, silaha unaweka wapi, bima ikilipwa inaenda kwa nani, jambazi hata akufuatilie mwaka mzima hapati hayo yote. Sasa hapo mafunzo yangemsaidia nini?

Kinachowaangusha hawa wanaotafuta wauaji ni kwamba mtu wa kawaida hamjui muuaji wa kukodi, inabidi aulizie ulizie mpaka anampata mmoja anaogopa anaenda polisi. Ndo ilivyokuwa kule Boynton Beach, Florida, 2009, mume hakuwa askari ila njia ni ile ile, mwanamke kamwambia mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye, yule akaripoti, polisi wakamtuma askari kanzu ajifanye muuaji huku wanarekodi, akamuuliza una uhakika, akajibu asilimia 5,000. Swali hilo huulizwa makusudi, wakili asije kudai polisi ndo walimshawishi. Wakaigiza mauaji pale nyumbani, mke akaangua kilio, kumbe mume mzima yuko kituoni! Hata na ushahidi wote huo hukumu ya kwanza ilitenguliwa, kesi ya pili baraza la mahakama, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, halikukubaliana, mpaka 2017 ndo akapewa miaka 16.

Kwa hiyo mwenzako ana safari ndefu. Naye kama ulivyonieleza ameokolewa na mtu aliyepewa dili akakataa, kwa hiyo hao wanaosema si hajafa basi yaishe usiwasikilize, Marekani sheria ya shirikisho, ile ya nchi nzima, inaweza kukufunga hadi miaka 10 kwa kukodi muuaji hata kama hakuna aliyeguswa.

We usimuulize hukuona dalili, ameshajiuliza usiku kucha. Siku watakayocheza zile rekodi mahakamani atasikia sauti ya mkewe ikipanga bei ya roho yake, omba ruhusa uende ukakae naye, na kama watoto hawana wa kukaa nao siku hiyo waje kwangu.

Mama yako