Kazi zinazokuja kwa waya

Ndugu yangu, umeuliza kazi za kompyuta zikihamishwa kutoka Marekani kwenda India, sisi wa Unguja zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana. Mtoto wa dada yangu, hapa Mwanakwerekwe, alikuwa akiwajibu wateja wa kampuni ya nje usiku kucha, maana mchana wao ndio usiku wetu. Asubuhi moja nywila ikakataa. Akaiandika mara tatu, chai inapoa pembeni. Jioni ndipo barua ikaja: kazi imepelekwa nchi yenye mishahara ya chini zaidi. Hata kuagana na wenziwe hakuwahi.

Waya wa SEACOM, wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kazi hizi huja kwa waya, na kwa waya huohuo huondoka. Nairobi, mwaka 2023, wasimamizi 260 wa maudhui ya Facebook, yaani wachujaji wa machapisho mabaya, waliachishwa pale Sama, kampuni iliyowaajiri, ilipoacha shughuli hiyo.

Kwa hiyo vijana wanaokimbilia kazi za kompyuta Fumba, mji mpya wa hapa Unguja unaovutia kampuni za teknolojia, waulize mkataba kwanza: notisi siku ngapi, malipo gani wakiachishwa, kesi isikilizwe nchi gani. Mtoto wetu hakuwa na karatasi hata moja mkononi.